Uongo unaokopiwa kila siku kuhusu mababu wa Mayflower

Hii kazi ya kutafuta ukoo wa Waingereza wa mwanzo waliohamia Marekani imejaa uongo, na dhana inayoharibu wengi ni hii, eti kitu kikishachapwa kwenye kitabu cha zamani au kuchongwa kaburini basi kimeisha, ni kweli.

Si kweli hata kidogo. Mchukue John Howland, yule mtumishi wa John Carver aliyekuja na meli ya Mayflower mwaka 1620, dhoruba ikamrusha baharini akaponea kwa kudaka kamba ya tanga iliyokuwa inaburuzika majini. Miaka na miaka wajukuu zake waliamini mkewe Elizabeth ni binti wa huyohuyo Carver, gavana wa koloni lao, na karne ya 19 wakaliandika hilo mpaka kwenye jiwe la kaburi pale Plymouth, Massachusetts, walikoishi. Halafu 1855 ukatambuliwa muswada, yaani maandishi ya mkono, wa William Bradford kwenye maktaba ya askofu kule Fulham, London, na Bradford, mtu aliyeishi nao hapohapo Plymouth, anasema wazi kabisa kwamba Howland alimwoa binti wa John Tilley wakapata watoto 10. Rejista ya kanisa la Henlow, Bedfordshire, nayo ina ubatizo wa Elizabeth, 1607. Wazazi wake wote wawili walikufa kwenye ile baridi ya kwanza iliyoua karibu nusu ya abiria 102, akabaki yatima ugenini, afu kizazi kizima kikawafuta kwa kumpa baba mwenye cheo. Mi hilo linaniuma kweli.

Tarehe nazo. Watu wakiona kifo cha Howland kimeandikwa Februari 1672/3 wanasema karani kachanganyikiwa, kumbe mpaka 1752 Waingereza walikuwa wanaanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ile kwao bado ni 1672 na kwetu ni 1673. Usipolijua hili utakuta ndoa ya Aprili 1640 na ubatizo wa Februari 1640 useme mtoto kazaliwa nje ya ndoa, wakati kazaliwa miezi kumi baadaye!

Nembo ya ukoo, ile alama ya ngao wanayokuuzia kwa jina lako, wala isikupotezee hela, kwa Waingereza nembo anapewa mtu na inarithiwa na uzao wake, sio kila mwenye jina lile. Na kuna wajanja kama Gustave Anjou waliouzia matajiri nasaba za kutunga, na zile karatasi bado zinazunguka.

Mwisho DNA, wengi wanadhani itamaliza ubishi. Ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu, na kuna ambao hujabeba chochote chao mwilini, kwa hiyo kipimo kisipoonyesha kitu haimaanishi huyo si babu yako. Chama cha wazao wa Mayflower chenyewe kinataka ushahidi wa kila kizazi, vyeti, wasia, hati za ardhi, kuanzia kwako wewe kurudi nyuma.