Samaki Mkia-Upanga: Kuzaa Si Shida, Shida ni Kuchagua

Wengi wanaotutembelea mjini Kigoma kuulizia samaki wa mapambo hutaka kujua jinsi ya kumfanya samaki azae. Kwa mkia-upanga, ambaye jina lake la kitaalamu ni Xiphophorus hellerii, swali hilo halina uzito. Samaki huyu, ambaye asili yake ni mito na vijito kuanzia Mexico hadi Honduras, hatagi mayai bali huzaa vifaranga walio hai, na jike mkubwa aliyelishwa vizuri huweza kutoa vifaranga 20 hadi zaidi ya 100 kila baada ya wiki nne hivi. Isitoshe, jike aliyepandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa na kuendelea kuzaa hata akiwa peke yake. Kwa hiyo anayenunua jike mkubwa sokoni huwa amenunua pia watoto wa dume asiyemfahamu.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, inayokaribia 9. Mkia-upanga hupenda maji ya namna hiyo kuliko maji laini yenye madini machache, ingawa kiwango cha pH kinachomfaa zaidi ni kati ya 7 na 8.3, hivyo aingizwe taratibu kwa kuongezewa maji ya tangi kidogo kidogo. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi kwenye ndoo kwa siku nzima kabla ya kutumika. Hatari ambayo wengi hawaioni ni amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki, kwa kuwa kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa sumu. Kosa dogo la kulisha kupita kiasi, ambalo kwenye maji yenye pH 7 lingesamehewa, kwenye maji yetu huua. Tangi jipya lipewe wiki nne hadi sita ili bakteria wanaovunja amonia wajijenge kwenye kichujio, na baada ya hapo robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Tangi la lita 80 au 100 linatosha dume mmoja na majike watatu. Madume wawili hupigana bila kuchoka. Mfuniko ni lazima, kwani samaki huyu huruka.

Katika uchaguzi wa wazazi, nasisitiza jambo ambalo wafugaji hulikosea kwa nia njema. Dume hutambulika kwa upanga, yaani ncha ndefu ya chini ya mkia, na kwa pezi la mkunduni lililobadilika kuwa kijiti cha kupandia. Baadhi ya madume hukomaa mapema, na wakishakomaa ukuaji wao hupungua sana, kwa hiyo hubaki wadogo. Wengine huchelewa, hukua wakionekana kama majike, kisha upanga huchomoza wakiwa wakubwa, na hapo ndipo utasikia watu wakisema kuwa jike amegeuka dume. Mfugaji asiye na subira humpandisha yule aliyetangulia kuota upanga, na vizazi vichache baadaye hushangaa samaki wake wamedumaa. Msubiri aliyechelewa. Majike nao watengwe mapema, mara tu dalili za jinsia zinapoanza kuonekana, la sivyo kaka zao watawawahi. Kwa aina yenye mkia wa kinubi, dume mwenyewe huwa na kijiti kirefu mno kisichofanya kazi vizuri, hivyo jike wa aina hiyo apandishwe na dume mwenye mapezi ya kawaida.

Wazazi hula watoto wao. Majani mengi ya majini huwapa vifaranga maficho, ila wapo wanaoshona kizuizi cha wavu wa chandarua. Chandarua chenye dawa kisiguse tangi kabisa, hata kama ni kikuukuu kilichofuliwa mara nyingi, kwa sababu dawa inayoua mbu ni sumu kali kwa samaki. Kwa chakula, dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, wakitwangwa na kuchekechwa hadi unga laini, huwafaa vifaranga. Wapewe chembe chache mara tatu kwa siku.

Mwishowe tangi litajaa. Waliozidi wapewe wafugaji wengine au wawe chakula cha kuku, lakini wasitupwe ziwani wala kwenye Mto Luiche. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani, na mkia-upanga ameshajenga makao katika mito ya Australia alikotupwa na wafugaji. Hata maji machafu ya tangi yachujwe kwa kitambaa kabla ya kumwagwa, kisha yamwagiwe mchicha badala ya mtaro, kwani mitaro ya mji huu huteremkia ziwani, na kifaranga wa siku moja hana hata urefu wa punje ya mahindi.