Dhima: Neno la Kulisoma Mara Mbili Kabla ya Kutia Saini

Aliyesoma Kiswahili sekondari analijua neno dhima kwa sura moja: "Eleza dhima nne za fasihi simulizi." Pale maana yake ni kazi, au nafasi ya kitu katika jamii. Miaka inapita, mtu huyo anaombwa na shemeji yake amdhamini mkopo. Anawekewa karatasi yenye kichwa "Dhima ya Mdhamini", naye anaisoma kwa maana ile ile ya darasani. Anadhani kazi ya mdhamini ni kuthibitisha kwamba anamfahamu mkopaji na kwamba ni mtu mwema. Anatia saini, anaaga, anakwenda zake.

Katika sheria, dhima ndilo neno linalobeba kile ambacho Kiingereza hukiita "liability": hali ya kufungwa na sheria, kwamba jambo fulani likitokea, wewe ndiwe wa kulipa au kufidia. Asili yake ni Kiarabu, ambako dhimma ni ahadi na deni lililo shingoni mwa mtu. Tangu sheria za Tanzania ziliporekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kulielewa neno hili si kazi ya mawakili peke yao tena.

Wengi hulichanganya na wajibu. Wajibu hutangulia. Dereva wa daladala ana wajibu wa kuendesha kwa uangalifu. Akiuvunja na abiria akavunjika mguu, hapo ndipo dhima inapozaliwa. Tena inaweza kumwangukia mtu ambaye hakuwepo kabisa. Mmiliki wa daladala aliyekuwa amelala nyumbani kwake anaweza kudaiwa fidia kwa uzembe ambao dereva wake aliufanya akiwa kazini. Hatia nayo ni jambo jingine. Dereva akishtakiwa kwa kosa la jinai, hatia ni yake mwenyewe, na kifungo hakihamishiwi kwa mwenye gari. Dhima ya fidia inahamishika, na ndiyo maana kuna bima. Ile bima ya lazima ya gari, ambayo wengi huiita bima ndogo, inabeba dhima yako kwa watu wengine unaowadhuru barabarani. Gari lako mwenyewe likibondeka, hilo halimo.

Wahasibu wana matumizi yao: kwenye mizania, yaani taarifa ya hali ya kifedha ya biashara, upande wa pili wa mali, kuna mikopo, kodi ambayo haijalipwa, na mishahara inayodaiwa. Hapo "madeni" yanatosha na yanaeleweka zaidi. Na Mwingereza anaposema mchezaji fulani ni "liability" kwa timu yake, usimwite dhima. Sisi tunasema ni mzigo.

Sasa tutazame neno "Limited" linaloandikwa mwishoni mwa majina ya kampuni. Maana yake ni kwamba dhima ya wanahisa ina kikomo: kampuni ikifilisika, mwanahisa anapoteza thamani ya hisa zake na chochote alichokuwa hajakilipia katika hisa hizo, lakini nyumba yake haiguswi. Msingi huu uliwekwa wazi London mwaka 1896, katika kesi ya mtengeneza viatu Aron Salomon. Aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe, akashika hisa 20,001 kati ya 20,007. Sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto wake watano, kila mmoja moja. Kampuni ilipoanguka, ikadaiwa kwamba kampuni na Salomon ni kitu kimoja, hivyo alipe yeye. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: kisheria kampuni ni mtu anayejitegemea, na madeni ni ya kampuni, si ya Salomon. Mahakama zetu zimeurithi msingi huo.

Lakini ukuta huo unaweza kubomolewa kwa saini moja, na hapa ndipo ninapoomba usikivu wa wafanyabiashara wadogo. Benki inapoikopesha kampuni changa, mara nyingi humtaka mkurugenzi aidhamini yeye binafsi. Akikubali, kikomo kile hakimlindi tena kwa mkopo huo. Amerudi palepale alipokuwa kabla ya kusajili kampuni.

Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, dhima ya mdhamini ni sawa na ya mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Si nusu yake, wala si mpaka mkopaji ashindwe kabisa kupatikana. Mkopaji asipolipa, anayedai anaweza kukugeukia wewe. Kwenye mikopo ya vikundi kuna maneno mazito zaidi: "dhima ya pamoja na ya kila mmoja". Wanakikundi kumi wakikopa milioni 10 kwa masharti hayo, mkopeshaji halazimiki kudai milioni moja tu kwa kila mtu. Anaweza kumdai mmoja wao deni lote, kisha huyo ahangaike na wenzake.

Sheria haikumwacha mdhamini mikono mitupu. Mkopeshaji na mkopaji wakibadili masharti ya mkopo bila ridhaa yako, kwa kawaida hubanwi na yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Hata hivyo, mikataba mingi ina kifungu cha kuiondoa haki hiyo mapema, kwa hiyo kitafute. Omba kiasi cha juu unachokidhamini kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya mwisho wa dhamana itajwe. Ondoka na nakala. Na ikitokea umelipa deni la shemeji, zitunze stakabadhi zote: sheria inakupa haki ya kumdai yeye ulichokilipa kihalali kwa niaba yake, na pia haki juu ya mali aliyoiweka rehani kwa mkopeshaji.