Timu ya mji mdogo haikuwa "timu B" ya mtu

Kazi yangu ni kupekua kumbukumbu za wachezaji wa zamani wa besiboli wa Marekani: mikataba, magazeti ya miji, picha za timu zilizopauka. Wanaonijia ni wajukuu wanaotafuta habari za babu zao, na siku hizi pia vijana wetu waliohamia huku, watoto wa soka, wanaotaka kujua historia ya timu ya mji wanaoishi. Wiki iliyopita mmoja wao alinipigia kutoka Minnesota, akiulizia timu ya zamani ya mji mdogo wa Stillwater. "Kaka, Stillwater walipanda ligi kubwa mwaka gani?" Nikamwambia hawakupanda, na hapakuwa na ngazi ya kupandia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi walikuwa timu B ya nani?"

Hawakuwa timu B ya mtu. Nimelieleza jambo hili kwa simu mara nyingi kiasi kwamba sauti inakauka, na kila nikikata simu mwingine anauliza lile lile. Leo naliandika.

Dhana: Timu ya ligi ndogo ilikuwa tawi la timu kubwa, au ilikuwa ikisubiri kupanda daraja

Nianze na hilo neno daraja, maana ndilo linalowapoteza watu wa soka. Septemba 5, 1901, viongozi wa ligi ndogo, yaani ligi za kulipwa zilizo chini ya ligi kubwa, walikutana katika hoteli ya Leland mjini Chicago, wakaunda chama chao na kumchagua Patrick Powers kuwa rais. Kuanzia msimu wa 1902 ligi zao zikapangwa kwa herufi: A, B, C na D. Mtu aliyezoea soka akiziona herufi hizo anaamini kwamba bingwa wa D mwaka huu atacheza C mwakani. Sivyo hata kidogo. Walichohesabu ni watu. Wakazi wa miji yote ya ligi moja walijumlishwa; jumla ikizidi milioni moja, ligi hiyo ni A, na ligi za miji midogo kabisa ndizo D. Timu ingeweza kuchukua ubingwa miaka kumi mfululizo, na kama mji haujaongezeka watu, ikabaki D pale pale. Herufi hiyo iliamua jumla ya mishahara ambayo klabu iliruhusiwa kulipa, na bei ambayo ligi za juu zingemchukulia mchezaji. Ilipima mfuko wa mji. Uwezo wa wachezaji uwanjani haukuingia katika hesabu hiyo.

Sasa jiulize walikutana Chicago kwa nini. Mwaka huo huo American League ilikuwa imejitangaza kuwa ligi kubwa, na National League, iliyokuwapo tangu 1876, ikaingia vitani nayo. Katika vita hivyo makubaliano ya zamani yaliyolinda mikataba ya klabu ndogo yakatupwa. Pande zote mbili zikawa zinaweza kuingia katika mji wowote na kumchukua mchezaji bila kulipa kitu. Wenye klabu ndogo waliungana ili wasiporwe. Lau klabu hizo zingekuwa matawi ya timu kubwa, chama hicho kisingehitajika.

Klabu ya mji mdogo ilikuwa mali ya watu wa mji. Mwenye duka la nguo alinunua hisa, daktari alinunua, mwenye hoteli alinunua kwa kuwa timu ngeni ingelala kwake, na kampuni ya tramu ilijenga uwanja mwisho wa njia yake ili watu wapande tramu siku ya mechi. Mapato yao yalikuwa viingilio, na mvua ikinyesha Jumamosi mbili, viingilio havipo. Bidhaa ya pili waliyokuwa nayo ni mchezaji. Mkataba wa zama zile ulimpa mwenye klabu haki ya kumshikilia mchezaji msimu baada ya msimu, mpaka yeye mwenyewe aamue kumuuza au kumwacha. Mchezaji hakuwa na kauli. Augusta, Georgia, waliishi hivyo: mwaka 1904 walimwacha kijana aitwaye Ty Cobb baada ya mechi mbili tu, akaenda kucheza Anniston, Alabama, kisha wakamrudisha, na Agosti 1905 wakamuuza Detroit, timu ya ligi kubwa, kwa dola 700 hivi. Leo Cobb anatajwa pamoja na wapigaji wakubwa kuliko wote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Lefty Grove, kijana wa Lonaconing, mji wa migodi ya makaa ya mawe huko Maryland. Mwaka 1920 alikuwa mrushaji wa Martinsburg, West Virginia, katika ligi ya Blue Ridge, Daraja D. Baada ya mechi chache akauzwa Baltimore kwa dola elfu tatu na ushei, na inasimuliwa kwamba Martinsburg walizitumia fedha hizo kulipia ukarabati wa uwanja wao. Baltimore nao walikuwa ligi ndogo, tena klabu ya mtu mmoja, Jack Dunn, yule yule aliyewauzia Boston kijana Babe Ruth mwaka 1914. Timu kubwa zilimtaka Grove kila mwaka. Dunn akakataa. Akabaki naye misimu mitano, Grove akashinda mechi 108, na Baltimore wakatwaa ubingwa mara saba mfululizo, 1919 hadi 1925. Dunn alipokubali hatimaye mwaka 1924, Philadelphia Athletics walilipa dola 100,600. Grove akaenda kushinda mechi 300 katika ligi kubwa. Niambie, ni tawi gani linalomkatalia mwenye tawi kwa miaka mitano?

Dhana hii imetoka wapi, basi? Imetoka kwenye mambo yaliyokuja baadaye. Branch Rickey, aliyekuwa akiendesha St. Louis Cardinals, alikuwa na klabu ya ligi kubwa lakini maskini, iliyoshindwa kila mara katika kununua wachezaji wa namna hiyo. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 Cardinals wakaanza kununua hisa katika klabu zenyewe, Fort Smith huko Arkansas na Houston huko Texas zikiwa za mwanzo, ili wakuze wachezaji wao wenyewe. Wamarekani wakauita mfumo huo shamba, na kwa kweli ulikuwa shamba: unapanda wengi, unavuna wachache. Kufikia karibu 1940 Cardinals walikuwa na timu zaidi ya 30. Mwaka 1938 Landis, kamishna aliyesimamia besiboli, aliwaachia huru wachezaji 74 wa Cardinals baada ya kuona klabu hiyo inaficha umiliki wake ndani ya ligi ndogo. Huo ndio ulimwengu ambao watu wanauchukua na kuurudisha nyuma miaka arobaini, kwenye picha ya babu ya mwaka 1903.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetafuta habari za mzee wake ni huu, na nitaurudia mpaka nizikwe: usianze kwa kuuliza alichezea timu gani kubwa. Uliza mkataba wake ulikuwa mkononi mwa nani, na mwaka gani. Picha ikiwa ya kabla ya 1920, jibu karibu kila mara ni watu wa mji ule ule, na habari zake ziko kwenye gazeti la mji ule ule. Ikiwa ya 1936, hapo ndipo utafute timu kubwa iliyo nyuma yake.

Dhana: Aliyebaki ligi ndogo alikuwa ameshindwa

Joe Bauman alipiga homrani (pigo linalovusha mpira nje ya uzio) 72 mwaka 1954 akiwa na Roswell, New Mexico, Daraja C. Tatu kati ya hizo alizipiga siku ya mwisho ya msimu, ugenini Artesia. Hakuna mchezaji wa kulipwa aliyeipita idadi hiyo katika msimu mmoja mpaka Barry Bonds alipopiga 73 mwaka 2001. Bauman hakucheza hata mechi moja ya ligi kubwa. Alikuwa na kituo chake cha mafuta pale Roswell, na kila alipopiga homrani mashabiki walimchomekea noti kupitia wavu wa jukwaa. Mtu huyo alikuwa na kazi, nyumba na mji uliompenda. Sioni alishindwa nini.

Dhana: Matokeo ya 51 kwa 3 ni hadithi ya kutunga

Si ya kutunga. Juni 15, 1902, Corsicana waliwafunga Texarkana 51–3 katika ligi ya Texas, na mdakaji wao Justin Clarke akapiga homrani nane. Mechi ilichezwa Ennis kwa kuwa Corsicana ilikataza besiboli siku ya Jumapili, na uzio wa uwanja huo mdogo ulikuwa karibu mno. Uzio ukiwa karibu, mpira wa kawaida unageuka homrani. Kabla ya kusema rekodi ya zamani ni uongo, ulizeni vipimo vya uwanja.

Dhana: Taa za usiku zilianzia kwenye viwanja vikubwa

Mechi ya kwanza ya usiku katika ligi rasmi ilichezwa Independence, Kansas, Aprili 28, 1930, wenyeji wakicheza na Muskogee. Siku chache baadaye Des Moines, Iowa, nao wakawasha zao. Ligi kubwa walisubiri mpaka Mei 1935, Cincinnati. Sababu ni hali ngumu ya uchumi: mfanyakazi hawezi kwenda uwanjani saa tisa alasiri, na klabu ya mji mdogo isiyo na viingilio inakufa. Walioona kaburi limechimbwa ndio waliokimbilia taa.

Dhana: Jim Thorpe alidanganya Olimpiki kwa kuwa mchezaji wa kulipwa wa timu kubwa

Hili linaniuma. Thorpe, wa kabila la Sac na Fox, alishinda dhahabu mbili Stockholm mwaka 1912, katika pentathloni na dekathloni. Ni kweli alisaini New York Giants, lakini hiyo ilikuwa 1913, baada ya kuvuliwa medali, na watu wamelipindua hilo wakalifanya kuwa kosa lenyewe. Olimpiki ya wakati ule ilikuwa ya wasiolipwa tu, na alichoshtakiwa nacho ni kucheza kwa malipo Rocky Mount, North Carolina, mwaka 1909, na kuendelea katika ligi hiyo hiyo mwaka 1910. Ligi ya Daraja D, malipo ya kujikimu. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya hivyo hivyo wakati wa likizo, wakitumia majina ya bandia. Thorpe alitumia jina lake, na jina hilo ndilo lililomponza gazeti lilipofichua habari Januari 1913, wakati muda wa pingamizi, siku 30 kwa mujibu wa kanuni, ulikuwa umepita zamani. Alifariki 1953. Familia yake ilipewa nakala za medali mwaka 1983, na ni mwaka 2022 tu ndipo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipomtambua kuwa mshindi pekee wa mashindano yale mawili.

Na kwa sababu ya hayo majina ya bandia, ukimkosa babu yako kwenye orodha ya wachezaji, usihitimishe kwamba familia ilidanganya. Tafuta mchezaji wa nafasi ile ile, wiki zile zile.

Dhana: Kabla ya Jackie Robinson hapakuwa na mtu mweusi katika ligi hizi

Yule kijana wa Minnesota alikuwa na dhana hii pia, na aliisema kama jambo lisilo na mjadala. Robinson alianza na Montreal, ligi ndogo, Aprili 18, 1946, huko Jersey City, na mwaka uliofuata akaingia Brooklyn Dodgers, ligi kubwa. Alivunja ukuta. Lakini ukuta huo ulikuwa umejengwa na watu, na tarehe tunazo. Miaka ya 1880 watu weusi walikuwa wakicheza: Frank Grant Buffalo, George Stovey na Moses Fleetwood Walker Newark. Walker alikuwa ameshacheza Toledo mwaka 1884, timu ikiwa katika ligi kubwa. Julai 14, 1887, viongozi wa International League, ligi ya hao Buffalo na Newark, wakakutana Buffalo na kupiga kura ya kutoidhinisha tena mikataba ya wachezaji weusi. Haukuwa mwisho wa siku moja. Mwaka 1898 Celoron, New York, ilikuwa na timu nzima ya watu weusi katika ligi ya weupe, na mwaka 1899 Bill Galloway akacheza Woodstock, Ontario. Baada ya hapo mlango ukafungwa karibu kabisa kwa miongo minne na zaidi.

Anayesema hawakuwapo anawasaidia waliowafuta. Nilimwambia kijana aende maktaba akafungue magazeti ya Stillwater ya 1884. Alinipigia tena juzi. Alikuwa amempata Bud Fowler kwenye timu ile ile aliyoniulizia, mtu mweusi aliyekulia Cooperstown na aliyekuwa akilipwa kucheza besiboli tangu 1878. Baada ya Stillwater, Fowler alikwenda Keokuk, Iowa, akafika Binghamton mwaka 1887, ambako wenzake weupe walimkataa na akaondoka katikati ya msimu. Mwaka 1895 alishiriki kuunda timu ya watu weusi huko Adrian, Michigan, ikidhaminiwa na kiwanda cha waya wa uzio. Alikufa mwaka 1913 na akalala kwenye kaburi lisilo na jina mpaka 1987, watafiti wa historia ya besiboli walipomwekea jiwe. Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli mwaka 2022, huko huko Cooperstown alikokulia.