Bean feasa ni nani?

Bean feasa ni mganga wa kike wa vijijini Ayalandi, aliyeaminika kujua dawa za majani na pia mambo ya sídhe, viumbe wasioonekana wanaokaa chini ya vilima na ndani ya maboma ya kale ya udongo. Msomaji wa pwani akiwafikiria majini hatakuwa mbali sana.

Wenye dawa walikuwa wengi. Familia fulani ilijulikana kwa tiba ya chunjua, nyingine kwa ya kuungua, na siri ilirithishwa nyumbani. Bean feasa yeye alianza na chanzo. Mtu akipooza ghafla, ng'ombe akikauka maziwa, mtoto akidhoofu bila sababu, huyu ndiye aliyeamua kama ni maradhi ya kawaida au ni pigo la sídhe, pengine kwa kuwa mwenye nyumba alikata mti wa miiba uliokuwa wao au alijenga kwenye njia yao. Dawa ilifuata baadaye, tena kwa masharti.

Anayetajwa zaidi ni Biddy Early wa Feakle, Clare. Husimuliwa kwamba alichungulia kwanza ndani ya chupa ya buluu ndipo aseme neno. Mapadri walimpiga vita, na mwaka 1865 alifikishwa mahakamani Ennis kwa sheria ya uchawi. Kesi haikufika popote, ushahidi haukupatikana.

Lakini tusiipambe imani hii. Lus mór, mmea wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama kengele, ulitumiwa kwa mtoto aliyedhaniwa kuwa sídhe wamemchukua na kuacha wa kwao mahali pake. Majani yake huathiri mapigo ya moyo. Ndiyo hayo hayo ambayo daktari Mwingereza William Withering aliyaandikia kitabu mwaka 1785 kama dawa ya mwili kuvimba maji, na kipimo kikizidi kidogo tu huua. Mwaka 1895, huko Ballyvadlea, Tipperary, mshonaji Bridget Cleary alilazimishwa kunywa majani yaliyochemshwa kwa maziwa, kisha mumewe, Michael, akamchoma moto akidai huyo si mkewe. Michael alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akakaa gerezani miaka 15.

Siku hizi bean feasa wa namna ile hasikiki, ila wenye tiba ya mkanda wa jeshi bado wapo mashambani, na kwa desturi hawatoi bei.