Uhuru wa Mkristo maana yake nini, na Maandiko yanaingia wapi?

Uhuru wa Mkristo ni imani kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa kumwamini Kristo, si kwa kushika torati, na kwa hiyo hakuna mwanadamu wa kumfunga dhamiri kwa amri ambayo Mungu hakumwekea. Paulo aliwaandikia hivyo Wagalatia waliokuwa wakishurutishwa kutahiriwa. Si ruhusa ya kufanya utakalo. Barua hiyohiyo inakemea hilo.

Wala si uhuru wa mwili, ule wa mtumwa kufunguliwa. Kanisa la Mkunazini, Unguja, limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kwa Paulo, mtumwa aliyeamini alikuwa huru mbele za Bwana hata kabla ya kufunguliwa, ingawa alimwambia akipata nafasi ya kufunguliwa asiiache.

Kwetu visiwani jambo hili hujitokeza zaidi kwenye chakula. Chukua pweza. Walawi 11 inakataza cha majini kisicho na mapezi na magamba, na pweza hana hata kimoja. Lakini jioni pale Forodhani utamkuta Muanglikana anatafuna pweza wa kuchoma, ndimu na pilipili juu, hana wasiwasi. Rafiki yake Msabato kaagiza muhogo. Biblia yao ni moja. Wa kwanza anaisoma Walawi pamoja na Marko 7, anapoelewa kuwa Yesu alivitakasa vyakula vyote. Wa pili anaona Marko anazungumzia kunawa mikono, na katazo la Walawi liko palepale. Ndivyo Maandiko yanavyotumika kila siku: aya husomwa na aya nyingine, haichomolewi peke yake. Halafu Warumi 14 inawageukia wote wawili: anayekula asimdharau asiyekula, asiyekula asimhukumu anayekula. Kwa maoni yangu kudharau ndiko kugumu zaidi kuacha, maana mwenye kudharau huona anatania tu.

Wageni kutoka bara huuliza kuhusu nyama ya soko la Darajani, kwa kuwa mchinjaji ni Muislamu. Korintho nyama ya sokoni huenda ilikwishatolewa kwa sanamu, na bado Paulo alisema kinachouzwa sokoni kuleni bila kuulizauliza. Darajani hata hiyo sanamu haipo.

Ramadhani ina uzito wake. Mkristo halazimiki kufunga, lakini wengi mchana hawali barazani. Hula ndani, mlango umerudishwa. Akifanya hivyo kwa kuogopa kusemwa, hiyo ni hofu. Akifanya kwa kumjali jirani aliyefunga, ameutumia uhuru wake, kwani 1 Wakorintho 10 inamtaka asiwe kikwazo kwa Myahudi, kwa Myunani wala kwa kanisa. Wapo pia wanaofunga siku mojamoja pamoja na majirani, na futari wakala sinia moja. Nalo limo ndani ya uhuru huo, mradi mtu asidhani linamuongezea kibali kwa Mungu.