Nyumba ya Mbao na Tetemeko: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Mbao ni nyepesi, tetemeko haliiwezi." Nusu yake ni kweli, kwani jengo jepesi husukumwa kwa nguvu ndogo. Lakini kwenye tetemeko la Northridge, Los Angeles, Januari 17, 1994, kati ya watu 25 waliouawa na majengo yaliyoharibika, 24 walikuwa kwenye majengo ya mbao. Kumi na sita walikuwa ghorofa ya chini ya Northridge Meadows, jengo la kupangisha la ghorofa tatu. Sehemu ya chini ilikuwa wazi kwa ajili ya kuegesha magari, kuta zilikuwa chache, na ghorofa mbili za juu zikaishukia. San Francisco walikwisha kuyaona hayo kwenye tetemeko la mwaka 1989 kwenye nyumba za mtaa wa Marina zenye gereji chini. Los Angeles ilisubiri hadi 2015 kuwalazimisha wenye majengo ya aina hiyo kuyaimarisha. Miaka 21 baada ya Northridge!

"Weka nguzo nene, yatosha." Hapana. Pigilia mbao nne ziwe fremu ya mstatili, kisha sukuma kona ya juu: fremu italala upande, hata mbao ziwe nene namna gani. Kinachoizuia ni shiti la plaiwudi lililopigiliwa misumari kuzunguka kingo zake zote. Kwa kawaida misumari huachana milimita 150 kwenye kingo na 300 katikati. Pakihitajika nguvu zaidi, ile ya kingo husogezwa hadi 100, 75 au hata 50. Nyumba inapotikisika, misumari hiyo hujipinda kidogo kidogo na kumeza nguvu ya tetemeko.

Hapo ndipo mafundi wengi huharibu. Mashine ya kupigia misumari ikizidishwa presha, kichwa cha msumari hupasua uso wa plaiwudi na kuzama ndani. Ukitazama kwa mbali, ukuta umejaa misumari safi kabisa. Lakini kila kichwa kimebakiwa na unene mdogo wa kushika, na shiti likivutwa kinapenya na kutoka. Mkaguzi makini hupitisha kidole.

"Plasta na jipsamu zitasaidia." Kidogo tu. Hupasuka mapema, na baada ya Northridge kanuni za ujenzi zilipunguza nguvu zinazoruhusiwa kuhesabiwa kwazo.

"Uzito wa nyumba unaishikilia kwenye msingi." Ukuta unaosukumwa hutaka kuteleza, na pia mwisho wake mmoja hutaka kunyanyuka. Bolti za msingi huzuia kuteleza. Kunyanyuka kunahitaji vishikio vya chuma kwenye nguzo za mwisho, vilivyofungwa hadi ndani ya zege, na ukuta ukiwa na upana mdogo na kimo kirefu, mvuto huo wa kwenda juu huongezeka sana.

"Basi mbao ni za nyumba fupi." Mwaka 2009, huko Miki, Japani, jengo la mbao la ghorofa sita lilitikiswa juu ya meza kubwa ya majaribio inayoiga tetemeko. Lilibaki wima, na madhara yalikuwa zaidi nyufa za jipsamu. Ndani ya kuta zake zilipita fito za chuma kutoka juu hadi chini, za kuzuia kunyanyuka.