Je, wajua kwa nini kirikuu imeandikwa kilo 350? Soma kabla hujanunua gari la kubebea vyombo

Simama Buzuruga, hapa Mwanza, jioni ya Ijumaa utaziona zikipita: kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo kama Suzuki Carry, zilizosheheni spika, viti vya plastiki na jenereta iliyofungwa kwa kamba, na juu kabisa kijana amekalia turubai lisipeperuke. Ni vyombo vya harusi na kicheni pati vinakwenda Igoma, Kisesa, vingine mpaka Magu.

Kijana mmoja wa Nyakato anayekodisha vyombo vya muziki, ambaye hadi leo anategemea guta la kukodi, aliniuliza: "Kaka, mbona nyuma ya kirikuu kuna maandishi ya Kijapani na kilo 350, halafu watu wanapakia karibu tani? Na mimi ninunue ipi isiyonifilisi kwa spea?" Maswali yake mawili yana jibu moja, na linaanzia mbali kidogo.

Baada ya vita kuu ya pili, Wajapani wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gari la kawaida. Mwaka 1949 serikali yao ikaunda daraja la magari madogo kabisa, ambayo huitwa kei, yaani mepesi. Mwenye gari la daraja hilo hulipa kodi ndogo, na katika sehemu nyingi za vijijini hatakiwi kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha. Lakini unafuu huo una masharti. Injini isizidi kipimo fulani: kwa muda mrefu kilikuwa cc 360, mwaka 1976 kikapandishwa hadi 550, na mwaka 1990 kikafika 660, ambacho ndicho cha leo. Tangu mwaka 1998 gari lisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2. Na likiwa la mizigo, lisibebe zaidi ya kilo 350.

Suzuki Carry, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1961, imeumbwa ndani ya vipimo hivyo. Daihatsu Hijet na Mitsubishi Minicab ni ndugu zake wa daraja hilohilo. Kwa hiyo ile 350 ni mpaka wa sheria ya Japani. Haimaanishi kwamba ukipakia kilo 351 gari litakatika. Ila wahandisi walipochora breki, ekseli, klachi, bearingi na springi, mzigo waliokuwa nao kichwani ni huo na ziada kidogo ya usalama. Abiria hawamo ndani ya hesabu hiyo. Wao huhesabiwa peke yao, kilo 55 kila mmoja kwa kipimo cha Wajapani. Wale vijana wawili wanaokaa juu ya spika, hao ni mzigo.

Sasa tuipime 350 kwa mizani ya huku kwetu. Ni mifuko 7 ya saruji. Kiti kimoja cha plastiki kina kilo 2 na kitu, kwa hiyo viti 100 vinakaribia kilo 230. Jenereta ya petroli ya kilowati 5 ina kama kilo 80. Hapo umeshafika 310, hujaweka spika hata moja, hujaweka mixa, waya, wala mabomba ya turubai. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana kwamba kabla hajampigia dalali yeyote, aazime mizani ya duka la nafaka apime vyombo vyake vyote, kimoja kimoja, aandike. Wengi huanza na bei ya gari, kisha wanalazimisha mzigo uingie. Gari linalokubebea vizuri ni lile lililochaguliwa na mzigo.

Utaambiwa, "Ongeza springi tu, itabeba." Ni kweli, fundi akiongeza majani mawili ya springi nyuma gari halikai chini. Lakini springi zinashikilia bodi isibonyee, basi. Breki zimebaki zilezile, ekseli ileile, bearingi zilezile. Mzigo ukizidi nyuma, pua ya gari inanyanyuka kidogo, tairi za mbele zinakosa mshiko, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza ukiwa unashuka mlima. Tairi nazo ni za kuangaliwa. Kirikuu hutoka kiwandani na 145R12 za mizigo zenye maandishi 6PR ubavuni. Kuna tairi za kigari cha abiria zenye ukubwa huohuo na bei ya chini, na wauzaji wengi huvalisha hizo ili gari lipendeze machoni. Kwa mzigo hazifai.

Halafu kuna jambo la Mwanza yenyewe. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu viko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kirikuu ya kawaida ina nguvu kama za farasi 50 tu. Ikifika kwetu, sehemu moja katika kumi imeshabaki njiani. Mwenye wateja Igoma na Usagara, kwenye lami iliyolala, hataliona sana hilo. Mwenye wateja Isamilo na Bugando ataliona kila wiki. Huyo wa milimani atafute kirikuu ya foo wili yenye gia ndogo ya kupandia, hata ikimgharimu zaidi.

Mzigo wako ukiwa chini ya kilo 350, kirikuu ni kigari kizuri sana, nasema hivyo kwa moyo mmoja. Inakula mafuta kidogo na inapenya vichochoro vya Mabatini ambavyo Hiace haiwezi kuota kupita. Kwa vyombo vya muziki ningechukua yenye bodi iliyofunikwa, Suzuki Every, kuliko ya wazi. Mvua zetu za Oktoba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei, hushuka ghafla kutoka ziwani, na amplifaya iliyolowa haijali kwamba ulikuwa njiani kuleta turubai. Fundi umeme au bomba mwenye masanduku ya vifaa na ngazi anaweza kutosheka hata na Probox, ambayo Japani imeandikwa kilo 400 kwa watu wawili. Mzigo ukifika kilo 500 au 600, usijitese na kirikuu. Tafuta Townace au Liteace ya mizigo. Matoleo ya miaka ya 1990 na 2000 yenye injini ya 7K, cc 1800, ni ya zamani lakini mafundi wengi wanaijua, na haina mkanda wa taimingi wa kukukatikia barabarani. Townace mpya zaidi, iliyoanza mwaka 2008, ina injini ya cc 1500 na hubeba karibu kilo 750. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kazi za Sengerema na Geita ziko karibu kuliko zamani, na safari ndefu yenye mzigo kamili ndiyo inayoichosha injini ndogo.

Tuje kwenye kutu, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Wengi huamini gari lililokaa kando ya ziwa linaoza upesi kama la pwani. Si hivyo. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi. Chuma huliwa na kutu kikikutana na maji na oksijeni, na chumvi ikiyeyuka ndani ya yale maji huyafanya yapitishe umeme kwa urahisi, na kazi ya kutu inakwenda mbio. Upepo wa Capripoint hauna chumvi hiyo. Wa Zanzibar unayo.

Lakini kirikuu inaweza kuja Mwanza na chumvi yake tayari. Kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili theluji iyeyuke, na ile chumvi hukaa chini ya gari miaka. Njia ya pili ni biashara yetu wenyewe. Gari lililobeba samaki wa Mwaloni, Kirumba, limenyweshwa maji ya barafu na damu kila siku, na likiwa limebeba kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, basi limebeba chumvi yenyewe. Sakafu yake huoza kutokea juu kwenda chini, chini ya kapeti jipya ambalo muuzaji ametandika juzi. Nyanyua kapeti. Nusa. Harufu ya samaki haitoki kwa sabuni moja.

Ingia na chini, na bisibisi mkononi. Chokoa chasisi nyuma ya tairi za nyuma, kwenye kona ambazo bodi inashikana na fremu, na sehemu zinapofungwa springi. Chuma kizima hukataa bisibisi, kilichooza huipokea. Chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi mpya, nzito, inayong'aa, uliza kwa nini. Sheli ya mlango iliyooza unaweza kuikubali kwa bei nzuri, lakini chasisi iliyochomelewa mara tatu ikatae.

Kama unaagiza kutoka Japani, omba karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari, na alama ya S huonyesha kutu, C huonyesha chuma kilicholiwa, na daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa likarekebishwa. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine, hukokotolewa kwa thamani ambayo TRA yenyewe imeikubali, si kwa bei uliyoambiwa na wakala. TRA ina kikokotoo mtandaoni. Ingiza modeli na mwaka kabla hujatuma shilingi.

Injini ya kirikuu nyingi iko chini ya kiti. Nyanyua kiti asubuhi, gari likiwa baridi. Muuzaji akikusubiri na injini tayari ya moto, mwambie utarudi kesho. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta ute mweupe kama maziwa, maji yamekutana na oili, na hapo kuna gasketi au silinda hedi inayokungoja. Rejeta iko mbele, injini iko kati, na mabomba ya maji ni marefu, yanapita chini ya sakafu. Fundi akijaza maji bila kutoa upepo ndani ya mabomba hayo, gari litachemsha hata kama kila kitu ni kizima, kwa hiyo uliza nani aliyeligusa mara ya mwisho. Carry yenye namba ya modeli DA63T na Every ya DA64V zina injini ya K6A, inayotumia cheni ya taimingi. Za zamani zenye F6A zina mkanda, na mkanda usiojulikana ulibadilishwa lini ni wa kubadilisha siku ya kwanza.

Usidanganywe na namba. Mtaani husema "hii namba E" kana kwamba ni gari jipya, lakini herufi za kibao zinaeleza gari liliandikishwa lini hapa Tanzania. Linaweza kuwa lilitengenezwa miaka 15 kabla. Umri wa kweli utaupata kwenye namba ya chasisi, na namba hiyo ilingane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Dai kadi halisi. Ya kivuli inaweza kumaanisha kadi yenyewe iko kwa mkopeshaji. Angalia pia deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, kwa sababu linafuata gari, halimfuati aliyefanya kosa.

Ukiridhika na yote hayo, mwombe muuzaji kitu ambacho wanunuzi wachache huomba: upakie vyombo vyako vyenyewe, ulivyopima, mpande pamoja kilima cha Bugando, mshuke taratibu kwa gia ya pili. Mkifika chini, sogeza pua karibu na tairi za nyuma usikie kama kuna harufu ya breki zilizoungua, kisha angalia sindano ya joto. Ikiwa imekaa palepale ilipokuwa mlipoanza, zungumzeni bei.